Kompyuta Yetu ni ya Nani?

Nianze na kisa, swali litajileta lenyewe.

Sisi tuko wanne. Mmoja mshairi, mmoja anaandika tamthilia ambayo haijaisha tangu nimjue, mmoja ni dada mwenye hadithi fupi nzuri kuliko zetu sote na ndiye mtunza fedha, na wa nne ni mimi. Tulichangishana kwa miezi mitano mpaka kila mmoja akafikisha laki moja, tukashuka Kariakoo kununua laptopu ya mtumba. Ilikuwa imetoka Ulaya, maana kwenye kifuniko kulikuwa na kibandiko cha ofisi fulani, nusu kimebanduka, na kibodi yake ilikuwa na herufi zenye vidoti juu ambazo hatukuwa na kazi nazo. Hatukujali. Tulipewa risiti, tukaondoka tunacheka kama watu waliotoka harusini.

Mwezi wa tatu kadi ya waifai ikafa. Tukampelekea Fundi, yule wa kwenye korido, mwenye meza ya upana wa kiti. Akafungua, akatoa kadi mbovu, akachomeka nyingine, nzima kabisa, aliyoijaribu mbele ya macho yetu kwenye mashine ya mteja mwingine. Akawasha. Skrini ikabaki nyeusi, na juu kwenye kona yakatokea maandishi meupe ya Kiingereza: kadi hii hairuhusiwi, zima mashine uitoe.

"Hairuhusiwi na nani?" nikauliza.

"Na mwenye mashine," akajibu Fundi, huku anatafuta bisibisi.

"Mwenye mashine si sisi?"

Akaniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto aliyeuliza wafu wanakwenda wapi. "Nyie mna risiti," akasema.

Basi, jamani, neno hilo lilininyima usingizi. Nina risiti. Chuma ni changu, plastiki ni yangu, umeme nalipa mimi. Lakini ndani yake yumo mtu nisiyemjua, anakagua nilicholeta nyumbani kwangu na kunifungia mlango. Kumiliki kitu ni nini hasa? Ni kuwa nacho mkononi, au ni kuwa na neno la mwisho juu yake? Na katika kompyuta, nilivyokuja kujua, kabla ya neno la mwisho kuna neno la kwanza, na huko ndiko ugomvi uliko.

Hebu tuone mashine inavyoamka. Unapobonyeza kitufe, prosesa haijui chochote. Haijui kwamba kuna diski, haijui kwamba kuna skrini, hata kumbukumbu yake, ile ramu tunayoulizana dukani ni giga ngapi, bado imelala. Inachojua ni anwani moja tu. Katika prosesa za ukoo wa Intel anwani hiyo iko baiti 16 kabla ya kikomo cha giga 4 za mwanzo. Inakwenda pale na kutekeleza amri itakayoikuta, bila kuuliza imeandikwa na nani. Na amri hizo zinakaa katika kichipu kimoja kidogo kilichobandikwa kwenye mazabodi, chenye megabaiti chache tu. Programu iliyomo humo ndiyo inayoamsha ramu, inakagua kibodi, inatafuta diski, halafu ndipo inaikabidhi mashine kwa Windows au Linux. Kwa hiyo hata ukijisifu kwamba unatumia mfumo huru, ujue mfumo wako umekaribishwa na mwenyeji ambaye hukumchagua.

Programu hiyo tumezoea kuiita BIOS. Jina hilo lilianzia kwa Gary Kildall, Mmarekani aliyetunga mfumo wa CP/M katika miaka ya 1970. IBM walipotoa kompyuta yao binafsi mwaka 1981 walifanya jambo la ajabu: walichapa msimbo wote wa BIOS yao kwenye kitabu cha mafundi, mstari kwa mstari, kila mtu asome. Lakini haki ya kunakili walibaki nayo. Soma, usichukue. Sisi waandishi tunalielewa hilo vizuri. Mwaka 1982 kampuni ya Compaq ikapata njia. Waliwagawa watu wao makundi mawili. Kundi la kwanza lilisoma msimbo wa IBM na kueleza kwa maneno yao kazi inayofanywa na kila sehemu. Kundi la pili, la watu ambao hawakuwahi kuuona ule msimbo hata kwa dirishani, likapewa maelezo yale na kuandika upya tangu mwanzo. Wazo halina hakimiliki. Maneno ndiyo yanayo. Ndivyo zilivyozaliwa kompyuta zinazofanana na za IBM, na ndiyo maana mtumba wetu ukafika Kariakoo kwa laki nne.

Ungetegemea kwamba baada ya hapo mlango ungebaki wazi. La hasha. Kampuni zilizojifunza kuandika BIOS zikaifanya kuwa biashara yao, na msimbo ukafungiwa kabatini. Anayenunua mashine hapewi cha kusoma.

Waliokuja kuupiga teke mlango huo hawakuwa wanaharakati wenye ndevu na mabango. Walikuwa wafanyakazi wa maabara ya taifa ya Los Alamos, huko New Mexico, Marekani, maabara ile ile iliyotengeneza bomu la atomiki. Mwaka 1999 Ron Minnich na wenzake walikuwa na kero ya kawaida kabisa. Walitaka kuunganisha kompyuta nyingi sana zifanye hesabu kwa pamoja, zimepangwa kwenye makabati, hazina skrini wala kibodi. Sasa BIOS za wakati ule zilikuwa na kichekesho chake: zikiwashwa zisione kibodi, zinasimama na kukuambia kibodi haipo, bonyeza F1 kuendelea. Ubonyeze wapi, bwana, na kibodi umeshaambiwa haipo? Mtu wa kompyuta moja anacheka na kwenda kuazima kibodi. Mwenye mamia analia.

Wakaamua kuiondoa kabisa BIOS ya kiwandani na kuweka kiini cha Linux ndani ya kichipu chenyewe. Mradi wakauita LinuxBIOS; mwaka 2008 ukabadilishwa jina na kuitwa coreboot. Leseni yake ni ya GPL, toleo la 2: chukua, soma, badilisha, lakini ukimpa mwenzako mashine yenye programu hiyo, na msimbo wake umpe.

Usidhani ilikuwa kazi nyepesi. Programu yoyote inahitaji ramu ya kuwekea vitu vyake, na hapa kazi ya programu ni kuiamsha ramu yenyewe. Ni kama kuambiwa ujenge jukwaa huku umesimama juu yake. Eric Biederman aliandika kikusanyaji kilichoitwa romcc, kilichotafsiri lugha ya C kwa namna ambayo programu iliishi ndani ya visanduku vichache vya prosesa bila kugusa ramu hata kidogo. Baadaye wakapata ujanja wa kutumia hifadhi ndogo iliyo ndani ya prosesa kana kwamba ni ramu, mpaka ramu ya kweli iamke. Na haya yote waliyafanya mara nyingi bila karatasi za maelezo, kwa sababu watengenezaji wa chipu na mazabodi hawapendi kuzitoa. Unabaki kumchunguza mpishi kwa harufu ya moshi.

Sasa turudi korido ya Kariakoo. Fundi alifungua daftari lake akaniambia kwamba aina ya mashine yetu imo kwenye orodha ya zile ambazo watu wa coreboot wamekwisha kuzishughulikia. "Naweza kuiflashi," akasema. "Itakubali kadi yoyote. Ila nikuambie ukweli, inaweza kufa."

Nilifika kijiweni nimewaka. Niliwahutubia wenzangu. Nilisema habari ya uhuru, nilisema habari ya kuwa mpangaji ndani ya nyumba uliyonunua mwenyewe, nilisema mengi. Mshairi akapiga miayo. "Mimi nataka kuandika, mshikaji. Hiyo chipu ikiwa huru, shairi langu litakuwa na vina zaidi? Tafuta kadi ile inayokubalika tununue, yaishe." Mwenye tamthilia akasema yeye yuko upande wowote utakaomaliza kikao mapema. Ila dada mtunza fedha ndiye aliyenikata maini, na hakupandisha hata sauti.

"Kaka, hilo unalolitaka ni zuri," alisema. "Lakini laki yako humo ni moja. Nyingine tatu si zako. Mashine ikifa, huo uhuru wako tutautumia kuandikia nini?"

Nilinyamaza. Na mpaka leo nafikiri lile lilikuwa swali zito kuliko langu. Mimi nilikuwa nalalamika kwamba kuna mtu nisiyemjua anaamua mambo ya mashine yetu bila kutuuliza. Na mimi nilikuwa natakaje? Niamue mambo ya mashine yetu bila kuwauliza. Tofauti yangu na yule wa kiwandani ilikuwa kwamba mimi walikuwa wananijua jina.

Tena kuna hoja ya upande wa pili ambayo wapenzi wa uhuru tunapenda kuiruka. Kufuli la kichipu halikuwekwa kwa ukorofi peke yake. Mwaka 1998 kilitokea kirusi cha kompyuta kilichoitwa CIH, kilichotungwa na mwanafunzi mmoja huko Taiwan. Tarehe 26 Aprili 1999 kilipoamka, kilifuta data kwenye diski, na kwa baadhi ya mashine kikaharibu hata BIOS, mashine isiwake tena. Kiliweza kwa sababu kichipu kilikuwa kinaandikika na yeyote aliyeingia. Kwa hiyo anayesema "lazima pawe na kufuli" hasemi upuuzi. Mwizi akiweza kubadilisha neno la kwanza la mashine yako, ameshinda kabla hujaandika nywila yako.

Lakini kufuli lina ufunguo, na ufunguo unakaa kwa mtu. Tangu mwaka 2013 Intel wana utaratibu uitwao Boot Guard. Mtengenezaji wa kompyuta akiamua kuutumia, alama ya ufunguo wake inachomwa kiwandani ndani ya chipu, moja kwa moja, haifutiki. Kuanzia hapo mashine inaweza kukataa programu yoyote ya kuamshia ambayo haina sahihi yake. Mwizi hawezi kuibadilisha. Na wewe mwenye risiti pia huwezi. Kufuli halijui tofauti kati yenu.

Linganisha na Chromebook, zile laptopu za mfumo wa Google, ambazo mamilioni yake zinaamshwa na coreboot bila wenyewe kujua. Aina nyingi za mwanzo zilikuwa na skrubu moja ndani, kwenye mazabodi. Skrubu ikiwapo, sehemu ya msingi ya kichipu haiandikiki. Ikitolewa, inaandikika. Kirusi hakina mkono wa kushika bisibisi. Mwenye mashine anao. Nilipoisoma habari ya skrubu ile nilifurahi kama niliyepata shilingi njiani, kwa sababu inaonyesha kwamba usalama na umiliki si lazima wagombane. Aliyeiweka aliamua kwamba mwenye nyumba ni yule aliye ndani ya nyumba. Kwangu mimi hilo ndilo swali la haki katika jambo hili zima. Tusiishie kuuliza kama mashine ina kufuli. Tuulize kama kuna skrubu.

Bado kuna mfupa mmoja kooni. Hata Fundi akiiflashi, mashine yetu isingekuwa huru yote. Ndani ya chipu za Intel za miaka hii kuna kompyuta nyingine ndogo, inaitwa Management Engine, yenye programu yake iliyofungwa na kutiwa sahihi. Mafundi wanaliita bonge, kwa sababu ndivyo lilivyo: bonge la tarakimu lisilosomeka. Katika mashine kama yetu ukilitoa lote, mashine inajizima baada ya dakika 30 hivi. Kinachowezekana ni kulipunguza, libaki kipande. Mwaka 2017 ikajulikana kwamba toleo moja la bonge hilo linaendeshwa na MINIX, mfumo aliouandika profesa Andrew Tanenbaum kufundishia wanafunzi. Mwenyewe alikuwa hajaambiwa kwamba kazi yake imewekwa humo. Akaandika barua ya wazi kwamba haki walikuwa nayo, maana leseni yake inaruhusu kuchukua na kufunga, ila ungekuwa uungwana kumjulisha. Fikiria, mwandishi mwenzangu: umeandika kitabu ili watu wajifunze, kikaenda kufungiwa ndani ya mamilioni ya mashine ambazo wenyewe hawaruhusiwi kukisoma.

Juu ya bonge hilo wapenda uhuru wenyewe wamegawanyika. Mradi wa Libreboot, uliojengwa juu ya coreboot, kwa miaka ulikataa bonge lolote lile. Matokeo yake, ulifaa kwa mashine chache, nyingi za zamani. Mwaka 2022 ukabadilisha msimamo: tupunguze mabonge kadiri iwezekanavyo, lakini pale ambapo hakuna njia, tukubali dogo ili watu wengi zaidi wapate sehemu kubwa ya uhuru. Wengine wakaona huo ni usaliti, wakaendelea na miradi yao isiyokubali hata chembe.

Nani mkweli? Nimelifikiria hili sana. Asiyekubali chembe ana kazi muhimu, maana bila yeye tungesahau kwamba bonge ni kasoro, tungelizoea kama tunavyozoea shimo la barabarani mpaka linapewa jina na kuwa kituo cha daladala. Lakini mimi nilikuwa na mashine moja ya watu wanne. Usafi uliotaka nitupe mashine ile ninunue nyingine ulikuwa usafi wa mwenye fedha. Nikachagua njia ya kupunguza, nikijua kwamba nimechagua pungufu, na nisiiite kamili.

Tulirudi kwa Fundi wote wanne, kwa masharti ya dada. Kwanza, kazi zetu zote zinakiliwe kwenye flashi mbili. Pili, kichipu kisomwe mara tatu kabla ya kuandikwa, na nakala zilinganishwe, ili tuwe na njia ya kurudi. Tatu, mashine ikifa, nalipa mimi, hata kwa mwaka mzima. Nilikubali, na nawaambia kweli, nilipokubali sharti la tatu ndipo maneno yangu ya uhuru yalipopata uzito hata masikioni mwangu mwenyewe.

Fundi akabana klipu kwenye miguu minane ya kichipu. Akasoma mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nakala mbili zikafanana, ya tatu ikawa tofauti. Mshairi akaacha kupiga miayo. Fundi akatoa klipu, akasafisha miguu kwa mswaki, akarudia yote upya. Sasa zote tatu zikalingana. Akaandika. Akawasha.

Giza. Nilihesabu moja, mbili, nikafika tisa. Nilikuwa nimeshaanza kugawa deni kwa miezi. Ndipo skrini ikaja, na kadi ile iliyokataliwa ikaanza kuorodhesha waifai zote za korido.

"Sasa ni yetu?" dada akamwuliza Fundi.

"Kasoro bonge," akasema Fundi.

Tangu siku hiyo kuna jambo nimelipoteza pia. Zamani mashine ikileta ukorofi nilimtukana yule wa kiwandani, nikalala. Sasa ikishindwa kuamka vizuri baada ya kulala, wenzangu wananiangalia mimi. Sijui kusoma msimbo ule mistari yote, wala sina haja ya kudanganya. Ila Fundi anausoma, na Fundi akihama yuko mwingine atakayeusoma, na hakuna kati yao anayehitaji kuomba ruhusa Ulaya. Uhuru nilioupata si wa kujua kila kitu. Ni wa kuweza kuchagua wa kumuuliza, na wa kubeba lawama mwenyewe. Wanaopenda cha kwanza ni wengi. Cha pili kinakuja humo humo, huwezi kukitenganisha.

Wewe je, msomaji? Mashine unayoandikia, simu uliyonayo mfukoni, ikikukatalia leo asubuhi, utamwendea nani?

Kadi yetu ya kwanza bado tunayo. Dada ameihifadhi kwenye bahasha moja na risiti. Imekufa, lakini ruhusa zake zote inazo.